Kokwa, Chicha na Pumba: Mabaki ya Mashamba ya Ozi Katika Vipodozi vya Ngozi

Ozi ni kijiji cha wakulima kilichoko karibu na mahali Mto Tana unapoingia Bahari Hindi katika Ghuba ya Ungwana, ndani ya eneo la Garsen, Kaunti ya Tana River, na ardhi yake ni sehemu ya delta yenye hekta 163,600 ambayo mwaka 2012 iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, yaani mkataba wa kimataifa unaolinda ardhi oevu. Riziki ya wakazi wake kwa vizazi vingi imetegemea miembe, minazi, migomba na mpunga, na kila mmoja kati ya mimea hiyo, baada ya kutoa kile kinacholiwa au kuuzwa, huacha nyuma kitu kingine: embe huacha ganda na kokwa, nazi huacha makumbi, kifuu na chicha, ndizi huacha maganda, na mpunga huacha makapi na pumba. Mabaki haya, ambayo kwa kawaida huishia jaani, motoni au kwenye chakula cha mifugo, ni ya aina ileile ambayo viwanda vya vipodozi katika nchi nyingine hununua, hukamua na kuyatia katika mafuta ya kujipaka, sabuni na krimu. Swali linalostahili kuulizwa juu ya Ozi, kwa hiyo, ni kwa nini mali hiyo haijawafaidi wenyewe, na ni nini kingehitajika ili iwafaidi.

Ili kuelewa kazi ya mabaki hayo ni lazima kwanza ieleweke kazi ya kipodozi chenyewe. Tabaka la nje kabisa la ngozi limeundwa kwa seli zilizokwisha kufa, zilizopangana kwa karibu na kushikanishwa na mafuta ya asili, na kazi yake kuu ni kuzuia maji ya mwilini yasipotee hewani na kuzuia vijidudu visipenye ndani. Jua, upepo wa bahari, chumvi na sabuni kali huyaondoa mafuta hayo, ngozi ikapauka na kupasuka. Kipodozi cha kutunza ngozi hufanya kazi kwa njia tatu, ambazo mara nyingi huunganishwa katika chupa moja: kulainisha, yaani kujaza mafuta mahali yalipopungua, kuziba, yaani kuweka utando mwembamba unaozuia maji yasitoke, na kuvuta maji, kama inavyofanya gliserini, ambayo huyanasa maji na kuyaweka karibu na ngozi. Kusugua ni kazi ya nne, ya kuondoa seli zilizokufa ambazo hazijabanduka zenyewe. Mafuta ya mimea yanafaa sana kwa kazi ya kwanza, kwa kiasi fulani kwa ya pili, na unga wa mabaki makavu unafaa kwa ya nne.

Elimu ya namna hii si ngeni katika Pwani. Wanawake wa Kiswahili wamesaga liwa juu ya jiwe na kuichanganya na marashi, wametengeneza singo ya kumsugulia bibi harusi kwa karafuu na maua yenye harufu, na wamepika mafuta ya nazi kwa ajili ya nywele na mwili. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia bintiye utenzi wa mawaidha mwaka 1858, aliona kuoga na kujisinga kwa vitu vya harufu nzuri kuwa jambo linalostahili kuwekwa pamoja na mausia mengine ya maisha, na mawaidha hayo yalitoka katika visiwa vya Lamu, si mbali na mdomo wa Tana. Kilichobadilika tangu wakati huo ni kwamba kipodozi kimekuwa bidhaa ya dukani, ambayo mnunuzi hamjui aliyeitengeneza, na kwa sababu hiyo imebidi pawe na viwango, vipimo na lebo.

Katika mabaki yote ya Ozi, kokwa ya embe ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa kuwa ndiyo inayotupwa bila kufikiriwa kabisa. Ndani ya ganda lake gumu lenye nyuzi mna kiini cheupe ambacho, kikikaushwa, huwa na mafuta ya kiasi cha asilimia 7 hadi 15 ya uzito wake, kutegemea aina ya embe na mahali lilipoota. Mafuta hayo yana asidi mbili kwa wingi, asidi ya steariki, inayoyafanya yagande, na asidi ya oleiki, inayoyafanya yawe laini na yapenye upesi, na mchanganyiko wake unakaribiana na ule wa siagi ya kakao kiasi kwamba sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2000 inayataja miongoni mwa mafuta sita ya mimea yanayoruhusiwa kutiwa kwenye chokoleti hadi asilimia 5. Watengenezaji wa vipodozi huyaita siagi ya embe. Sifa yake kubwa ni kwamba hubaki yameganda katika joto la kawaida na huyeyuka yanapogusana na joto la mwili. Kwa sehemu za Pwani jambo hili lina maana ya pekee, kwa sababu mafuta ya nazi huyeyuka yakifika nyuzijoto 24 au 25 hivi, na katika hewa ya Ozi huwa ya maji karibu mwaka mzima, yakimwagika na kuchuruzika. Yakichanganywa na siagi ya embe na nta kidogo ya nyuki hupatikana mafuta mazito ya kopo, yanayokaa pale yalipopakwa.

Hata hivyo hesabu ni lazima ifanywe kwa uaminifu, kwa kuwa miradi mingi ya vijijini hufa kwa sababu hesabu haikufanywa. Kokwa huchukua takriban sehemu moja ya kumi hadi robo ya uzito wa embe. Ikichukuliwa kwamba ni asilimia 15, tani moja ya maembe itatoa kilo 150 za kokwa. Zikipasuliwa, viini vyake vitakuwa takriban nusu ya uzito huo, kilo 75, navyo vikikauka vitapungua tena hadi kilo 40 hivi. Na kwa asilimia 10 ya mafuta, kinachoweza kupatikana ni kilo 4 tu, ikiwa hakuna kinachobaki kwenye mashudu, jambo ambalo haliwezekani kwa mashine ya kukamulia kwa mkono. Mbata, yaani nyama ya nazi iliyokaushwa, ni tofauti kabisa, kwani zaidi ya nusu ya uzito wake ni mafuta. Viwanda vikubwa, hasa nchini India, huyatoa mafuta ya kiini cha embe kwa kuyayeyusha katika kemikali inayoitwa heksani na kisha kuivukiza kemikali hiyo, njia ambayo haifai kabisa kujaribiwa nyumbani kwa kuwa heksani hulipuka. Kikundi kidogo kinaweza kuvisaga viini vikavu na kuvichemsha majini, kisha kukamata mafuta yanayoelea, au kuuloweka unga wake ndani ya mafuta ya nazi yenye moto wa wastani na kuchuja, ambapo kinachopatikana si siagi safi bali ni mafuta ya nazi yaliyobeba sehemu ya mafuta ya embe.

Muda nao ni adui. Kiini kibichi kina maji mengi na vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali, na baadhi ya vimeng'enya hivyo huyavunja mafuta na kuyafanya yachache na kunuka. Ukungu pia hupenda sana unyevu wa namna hiyo. Kokwa iliyokaa kwenye lundo la taka siku kadhaa haifai tena kwa ngozi ya mtu. Inatakiwa ioshwe, ipasuliwe, kiini kikatwe vipande vyembamba na kikaushwe upesi mahali penye hewa na kivuli chenye joto, kama kwenye kaushio la jua lenye nailoni na wavu, mpaka kivunjike kwa sauti kavu kinapokunjwa.

Hapa ndipo panapoonekana kiini cha tatizo la Ozi. Maembe mengi ya delta, yawe ngowe, boribo, batawi au ya aina ya apple, huuzwa yakiwa mazima kwa wanunuzi wanaoyapakia kuyapeleka Malindi, Mombasa na Nairobi, na bei hushuka sana msimu unapopamba moto. Mnunuzi anapoondoka na embe anaondoka pia na kokwa yake, ambayo itatupwa kwenye jaa la mji ulio mbali, na kile kinachobaki kijijini ni maembe yaliyooza chini ya miti na yale yaliyotobolewa na nzi wa matunda, mdudu wa kigeni aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 na aliyesababisha nchi kujizuia kupeleka maembe Ulaya kuanzia mwaka 2014 hadi 2021. Mabaki hupatikana kwa wingi, yakiwa safi na mahali pamoja, pale tu ambapo zao lenyewe linasindikwa. Mahali ambapo maembe hukatwa na kukaushwa, au hukamuliwa juisi, kokwa hujilundika mezani kila siku bila gharama ya kuzitafuta. Kwa hiyo anayetaka siagi ya embe kutoka Ozi hana budi kuanza na embe kavu au juisi ya Ozi. Mradi wa vipodozi unaoanzishwa peke yake, kwa kuwatuma watoto kuokota kokwa vichochoroni, utapata malighafi chafu na kidogo, na hautadumu.

Nazi inathibitisha jambo hilohilo kwa upande mwingine. Nazi inayokunwa kwa mbuzi nyumbani na kukamuliwa tui kwa kifumbu huacha chicha, na chicha hizo, kwa kuwa mkono wa mtu hauwezi kukamua kila kitu, bado zina mafuta ndani ya nyuzi zake. Zikikaushwa vizuri na kusagwa huwa unga mwororo unaosugua ngozi bila kuichubua na kuacha mafuta kidogo nyuma yake, na kati ya mabaki yote yanayozungumzwa hapa hizi ndizo zinazoweza kutumika kwa urahisi zaidi, bila mashine yoyote ghali. Kifuu nacho, kikisagwa hadi kuwa kama unga, hutumiwa katika sabuni za kusugulia uso badala ya punje ndogo za plastiki, ambazo Marekani ilizipiga marufuku katika vipodozi vya kuoshwa kwa sheria ya mwaka 2015 na ambazo Umoja wa Ulaya ulianza kuziondoa sokoni kwa kanuni ya mwaka 2023, kwa sababu hupita kwenye mabomba na kuingia baharini, ambako huliwa na samaki. Kwa watu wanaoishi kando ya ghuba ya uvuvi, sababu hiyo haihitaji maelezo marefu. Punje za kifuu zenye ncha, lakini, hukwaruza, na unga wake ni lazima upitishwe kwenye chekecheo laini kabla haujagusa uso.

Pumba za mpunga zina sifa kubwa katika Bara la Asia, hasa Japani, ambako wanawake wa zamani walizifunga katika kifuko cha kitambaa, wakazilowesha na kujisugulia uso. Mafuta yake, ambayo hufikia asilimia 15 hadi 20 ya uzito wa pumba safi, yana vitamini E na kemikali inayoitwa orizanoli, ambayo huchelewesha kuharibika kwa mafuta kunakosababishwa na hewa. Lakini pumba huanza kuchacha saa chache tu baada ya mpunga kukobolewa, isipokuwa zikikaangwa au kuchomwa kwa mvuke mara moja, na mashine nyingi za vijijini hukoboa na kung'arisha kwa pamoja, hivyo pumba hutoka zikiwa zimechanganyika na makapi yenye silika, madini yaleyale yaliyomo kwenye mchanga. Zaidi ya hayo, pumba tayari zina wenyewe: ni chakula cha kuku, na wakati wa kiangazi ni chakula cha ng'ombe. Haifai kumwondolea kuku wa mama mjane chakula chake ili mtu wa mjini apake uso, na kwa maoni ya mwandishi wa makala hii pumba za Ozi ziachwe ziendelee na kazi zinayoifanya, isipokuwa zile chache za mchele unaotwangwa kwa kinu na mchi, ambazo ni safi na zinaweza kutiwa kwenye kifuko kama wafanyavyo Wajapani.

Maganda ya ndizi yana njia yake, na njia hiyo ni ya kale. Yakikaushwa na kuchomwa hutoa jivu lenye potasi nyingi, na maji yanayochujwa kutoka kwenye jivu hilo ni makali kiasi cha kuweza kuugeuza mchanganyiko wa mafuta kuwa sabuni. Hivyo ndivyo Afrika Magharibi inavyotengeneza sabuni yake nyeusi maarufu kwa jivu la maganda ya ndizi na ya kakao. Yakitumiwa pamoja na mafuta ya nazi, ambayo karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, hupatikana sabuni yenye povu hata katika maji ya chumvi, na ndiyo maana sabuni ya nazi ilipendwa na mabaharia. Jambo hili lina uzito Ozi kuliko mahali pengi.

Uzito huo unatokana na maji. Mashamba ya mpunga ya Ozi yamekuwa yakinyweshwa na mto wenyewe, kwa kuwa bahari inapojaa huyasukuma nyuma maji baridi ya mto, nayo hupanda na kuenea mashambani. Mpango huo hutegemea mto wenye nguvu. Mto wenyewe umekwisha kubadilishwa na binadamu zaidi ya mara moja: katika karne ya 19 mfereji wa Belezoni ulichimbwa kuunganisha Tana na Mto Ozi, na baadaye Tana yote ikahamia njia hiyo, na katika karne ya 20 yakajengwa mabwawa ya umeme huko juu, likiwemo la Masinga lililokamilika mwaka 1981. Maji ya mto yanapopungua, bahari huingia mbali zaidi ndani, na chumvi imeharibu mashamba ya mpunga na kuua miembe ambayo ilipandwa na mababu. Mtu hawezi kuzungumzia kokwa za Ozi kana kwamba miembe itakuwapo daima. Siagi ya embe ni mazao ya mti, na mti ni mazao ya maji baridi, kwa hiyo anayeitakia Ozi kiwanda cha vipodozi anapaswa kuwa miongoni mwa wanaodai kwamba mto uachiwe maji ya kutosha hadi mwisho wake. Kwa sababu hiyohiyo magome ya mikoko, ingawa yana tanini zinazotafutwa na watengenezaji wa vipodozi, hayastahili kuhesabiwa kuwa mabaki. Mkoko unaobanduliwa gome hufa, na mikoko ni sehemu ya kinga ya pwani hiyo.

Kuhusu usalama, dhana kwamba kila kitu cha asili hakidhuru ni ya kukataliwa bila kusitasita. Mwembe na mkorosho ni wa ukoo mmoja, na utomvu wao una kemikali zinazounguza na kuwasha. Yeyote aliyekulia chini ya miembe anajua alama ambayo utomvu wa embe bichi huacha kwenye midomo, na mafuta ya ganda la korosho ni makali zaidi. Maganda ya embe, kwa hiyo, hayafai kutwangwa na kupakwa usoni, hata kama kiini cha embe hilohilo ni salama. Hatari ya pili ni maji. Mafuta matupu yasiyo na maji hayaotwi na bakteria kwa urahisi, ilhali krimu iliyochanganywa na maji, isipotiwa kihifadhi na kupimwa, huwa makao ya vijidudu vinavyoweza kuambukiza jicho au kidonda, na kikundi kinachoanza kinashauriwa kutengeneza mafuta ya kopo, sabuni na unga mkavu wa kusugulia kabla ya kugusa krimu. Hatari ya tatu ni ahadi za uongo. Siagi ya embe hailindi mtu na jua, haitibu ukurutu, wala haibadilishi rangi ya ngozi, na muuzaji anayedai hivyo anajiweka karibu na wale wauzao krimu za kujichubua, ambazo baadhi yake zimekutwa na zebaki, madini yanayoharibu figo, na ambazo Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa ukomo wa kutengenezwa na kuuzwa zikiwa na zebaki zaidi ya sehemu moja katika milioni.

Kwamba bidhaa nzuri ya ngozi inaweza kutengenezwa Afrika Mashariki kwa viwango vinavyoaminika si jambo la kubahatisha. Huko Moshi, Tanzania, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko katika hospitali ya KCMC kimetengeneza krimu ya Kilisun ya kuwakinga watu wenye ualbino dhidi ya jua. Huko Paje, Unguja, wanawake waliokuwa wakiuza mwani mkavu kwa bei ya chini wamejifunza kutengeneza sabuni na mafuta ya mwani na kuyauza kwa wageni na wenyeji. Kaskazini mwa Uganda wanawake huokota njugu za mti wa shea na kukamua mafuta yake, ambayo ni laini kuliko ya Afrika Magharibi na yanatafutwa sana na watengenezaji wa vipodozi. Katika Paje na Uganda faida ilianza kubaki nyumbani pale ambapo hatua moja zaidi ya kazi ilifanyika palepale, na mlango uliofunguliwa ulikuwa wa wanawake kwa sababu ndio waliokuwa na ujuzi wa mafuta na moto tangu mwanzo.

Msimu mkubwa wa maembe ya Pwani huanza mwishoni mwa mwaka. Serikali ya Kaunti ya Tana River, vyama vya wakulima na vikundi vya wanawake wa Ozi na wa jirani yake, Kipini, wanaombwa kuanza na makaushio ya maembe kabla ya kununua mashine yoyote ya mafuta, kutenga kokwa na chicha tangu siku ya kwanza, na kuipeleka kila bidhaa kwa Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, ikapimwe na kupewa alama ya ubora kabla haijafika dukani.